Siku Niliyosema "Tumebahatisha"

Siku tuliyoondoa matanga ya baba yangu naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ulikuwa mwezi wa saba, na ule upepo wetu wa Ufipa ulikuwa unakuja moja kwa moja kutoka mbugani bila kukutana na mti wa kuuzuia. Ukoo mzima tulikuwa uani kwetu Kasense, wanaume kwenye mabenchi wamevaa makoti, wanawake chini kwenye mikeka tumejitanda vitenge, na ndoo za pombe ya ulezi zimefunikwa pembeni zikisubiri maneno yaishe. Nilikuwa msichana wa kuolewa. Niliulizwa swali moja tu siku ile. Jibu nililolitoa limenila mpaka leo nina mvi.

Nakuandikia wewe kijana, wa kike au wa kiume, unayesifiwa ukaangalia chini, unayeulizwa "nani kafanya hivi" ukaanza kutafuta mtu wa kumtaja. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute humu maneno ya vitabuni. Na walioniumiza nitawataja kwa majina. Miaka mingi nilikuwa nawaficha nikisema "watu fulani", nikaona ni kama ninawafulia nguo bure. Wa kwanza ni baba yangu mdogo, Kaspari. Wa pili ni Zeno wa Mwazye, aliyekuwa mume wangu. Wa tatu utamjua mwenyewe ukisoma.

Baba yangu, Alfonsi, alinunua ndama wawili madume akiwa bado na nguvu zake. Alitaka wakikua wawe maksai wa kulimia, maana sisi hatukuwa na ng'ombe wa plau, tulikuwa tunaomba kwa watu. Ndama walipofika umri wa kufundishwa, baba akaanguka kifua. Akawa wa kulala ndani, anakohoa, hata kutoka mlangoni ni kushikwa mkono. Kaka sikuwa naye. Tulikuwa mama, mimi, na wadogo zangu wadogo kabisa.

Basi nikawafundisha mimi.

Nakwambia hivi kwa kifupi, lakini haikuwa kazi fupi. Mmoja alikuwa mweusi, nikamwita Askari kwa sababu alikuwa anamtazama kila anayepita kama anamdai kitambulisho. Mwenzake mwekundu nikamwita Pole, maana kumwanzisha ilikuwa shida, ila akishaanza hasimami. Nilianza kwa kuwafunga kamba na kutembea nao tu, kwenda mtoni na kurudi, kila siku, mpaka wakazoea sauti yangu. Kisha nikawavika nira tupu. Nira ilikuwa ya Kaspari, alituazima, na baada ya mavuno ya pili akaja kuidai. Huo ndio msaada wake wote, na ninauandika hapa ili nisimdhulumu. Kisha nikawafunga gogo walivute. Siku ya gogo Askari alishtushwa na mbwa akakimbia, na mimi nimejizungusha kamba mkononi kwa ujinga, akaniburuta hadi kwenye shamba la jirani. Kovu hili la kidevuni ni la siku ile. Vijana waliokuwa wanapita walicheka mpaka wakakaa chini.

"Yustina, huyo mchumba wako mweusi leo kakupeleka ukweni?"

"Mahari kalipa lakini?" mwingine akadakia.

Niliinuka nikajipangusa, nikamfuata Askari, nikamrudisha kwenye gogo.

Msimu wa kwanza tulilima mimi na mama. Mama alitangulia mbele na kamba, mimi nyuma nimeshika plau. Mstari wetu wa kwanza ulikuwa umepinda kama nyoka aliyepigwa fimbo. Msimu wa pili mama hakuhitaji tena kutangulia. Nilikuwa nasema neno, wanageuka wenyewe mwisho wa shamba, Pole anaingia kwenye mfereji wake, Askari anabaki juu, kila mmoja upande wake. Msimu ule ghala letu lilijaa mahindi na ulezi, na majirani wakaanza kuja asubuhi kutuomba tuwalimie. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuangalia. Binti anashika plau peke yake, wengine walikuwa hawajawahi kuona.

Na kila aliyesimama akasifia, mimi nilimjibu neno lile lile: "Tumebahatisha tu."

Wewe kama umezaliwa huku unalijua neno hili. Sisi Wafipa ghala linaweza kujaa mpaka mahindi yanachungulia nje, ukimuuliza mwenye nyumba anakwambia tumeokotaokota. Ndiyo adabu yetu. Mama alinifundisha, naye alifundishwa. Tuliambiwa ukisema shamba limekubali unawaita wenye macho mabaya, na ukisema "mimi" mbele ya watu wazima unajiinua. Sina ugomvi na adabu hiyo barabarani. Mpita njia akikusifia mahindi yako, mjibu hivyo uendelee na safari yako, hakuna kilichoharibika. Ubaya wake ni kwamba neno ukilizoea sana linakutoka hata mahali ambapo halitakiwi. Tena linashuka. Linatoka mdomoni linashuka ndani, unaanza kuliamini. Mimi ilifika mahali nikiwa peke yangu na ng'ombe wangu, hakuna mtu wa kunisikia, bado nilikuwa nadhani wale maksai walijifundisha.

Turudi uani, siku ya matanga.

Mkubwa wa kikao alikuwa babu Polikarpo, mdogo wake babu yangu mzaa baba. Mtu mfupi, sauti ya chini, akiongea inabidi watu waache kukohoa. Lililokuwa mezani lilikuwa moja: ng'ombe na shamba la marehemu vikae wapi. Na kila mtu pale alijua linavyopimwa. Kama nyumba ya marehemu inaweza kujilimia yenyewe, ng'ombe na shamba vinabaki kwa mjane na watoto wake. Kama ilikuwa inalimiwa na mkono wa ndugu, basi ndugu huyo anavichukua kuvisimamia, na sisi tunabaki kumtegemea kwa chakula.

Kaspari akasimama. Alikuwa hodari wa kusimama.

"Wazee wangu, ng'ombe wa plau wanataka mwanaume," akasema. "Kaka yangu alipougua, mnajua wenyewe nani alikuwa anahangaika na ile nyumba. Sisemi kwa kujisifu."

Akakaa. Babu Polikarpo aligeuka akanitafuta kwa macho kwenye mikeka ya wanawake.

"Yustina."

"Bee, babu."

"Wale maksai pale zizini. Nani kawafundisha kazi?"

Mwanangu, hapo ndipo ilipokuwa. Jibu lilikuwa kwenye kidevu changu, lilikuwa kwenye viganja vyangu. Nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wameniona kwa macho yao. Lakini jambo la kikao linataka lisemwe na mwenyewe, wao hawawezi kukusemea. Mimi nikaona macho ya wanaume wote, nikaona makoti, nikaona Kaspari anatazama kikombe chake, na mdomo wangu ukaenda ulikozoea.

"Tumebahatisha tu, babu. Baba mdogo alitusaidia."

"Alisaidia, au alifundisha?"

Aliniuliza mara ya pili. Wazee wetu hawana kawaida ya kumuuliza msichana mara ya pili, na ningekuwa na akili ningejua ananifungulia mlango. Wakati huo huo nikahisi mama, aliyekuwa amekaa nyuma yangu na kitambaa chake cheusi kichwani, ananivuta upindo wa kitenge. Mjane hasemi kwenye kikao kile mpaka aulizwe. Mimi nikadhani ananikumbusha adabu, kwamba nimeshaongea sana. Nikainamisha kichwa zaidi.

"Yeye ndiye anayejua ng'ombe, babu. Sisi tumebahatisha."

"Mmesikia wenyewe," akasema Kaspari, taratibu kabisa, kama mtu aliyepewa maji akiwa na kiu.

Babu Polikarpo akasema kikao kimesikia, maksai na shamba vitakuwa chini ya Kaspari mpaka watoto wa kiume wa marehemu wakue. Ndoo zikafunuliwa, watu wakanywa.

Baadaye jioni alinikuta zizini nimesimama na Pole. Nilimwamkia tena, shikamoo, akaitikia huku anaangalia ng'ombe, si mimi.

"Nilikuuliza swali," akasema, "ukanijibu adabu."

"Babu, ningesema ni mimi, si ningeonekana najisifu mbele ya wazee?"

"Anayejisifu anasema asichokifanya. Wewe ulitakiwa kusema ulichokifanya. Mimi sikutafuta mtu wa kujisifu wala mtu wa kunyenyekea, mjukuu wangu. Nilitafuta shahidi."

"Basi nitasema sasa. Waite, nitasema."

Akatikisa kichwa. "Kikao kimeshakunywa."

Kwetu neno likishanywewa pombe limekwisha. Hakuna wa kulifukua. Babu Polikarpo naye hakumaliza mwaka, akafa, na aliyekuwa ananitakia mema kwenye ukoo ule akawa hayupo.

Sasa nikwambie kilichofuata. Kaspari aliwachukua maksai asubuhi iliyofuata. Hakujua maneno yao. Mahali pa kila neno nililowafundisha yeye alitia fimbo. Alibadilisha pande, Askari akamweka kwenye mfereji na Pole juu, ng'ombe wakawa wanagongana, na yeye akidhani ni ukaidi. Nira ikamchubua Askari shingo, kidonda kikaoza, akamsukuma mnadani akaishia kwa wauza nyama mjini. Pole akabaki peke yake, na ng'ombe mmoja halimi. Naye akaenda huko huko. Niliambiwa na wale wale vijana waliokuwa wananicheka. Safari hiyo hawakucheka.

Na mama akarudi kwenye jembe la mkono. Kaspari alitugawia kipande cha pembeni, chenye majani marefu, na mama akawa anafanya yale matuta ya kizamani, ya kukata majani, kuyarundika na kuyafukia kwa udongo, tuta moja baada ya jingine, kazi ya mgongo ambayo alikuwa ameshaisahau. Nilikuwa namwona kutoka mlangoni. Hakuwahi kunilaumu, hata siku moja. Ningepata nafuu kama angenitukana.

Kaspari ndiye aliyenipeleka pia kwa Zeno. Posa ilikuja kutoka Mwazye, yeye akaikubali kwa niaba ya marehemu, na mimi nani alikuwa ananiuliza? Ningesema nini hata kama ningeulizwa? Nilikwenda.

Zeno alikuwa fundi seremala, mkono mzuri, mdomo mbaya. Wiki za mwanzo alinisikia ninavyojibu watu, akalipenda lile neno, akalichukua likawa lake. Nikifuga nguruwe wakazaa vizuri, "Umebahatisha." Nikitoa maharage mengi kuliko shamba la mama yake, "Umebahatisha, mwakani tutaona." Nikiwa nimemzaa Sesilia kwa uzazi mgumu, nusura nife, mkunga anasema huyu mama ana moyo, Zeno yuko mlangoni anasema kabahatisha. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Unaona mwenyewe, kilemba nilijifunga mimi, yeye akaja kukikaza.

Alipoanza kunipiga nilikaa. Alinivunja mkono huu wa kushoto, nikakaa. Wanawake wenzangu waliniuliza mbona huondoki, nikawaambia nitakwenda wapi, mimi ninaweza nini? Na nilikuwa namaanisha. Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, mwanangu. Mwanamke aliyeweza kumrudisha Askari kwenye gogo huku anatokwa damu kidevuni alikuwa anasema hawezi kitu. Sikuwa naigiza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kila kazi niliyowahi kuifanya nilikuwa nimeigawa kwa watu, hii kwa Kaspari, hii kwa bahati, hii kwa Mungu, hii kwa mvua, mpaka mwenyewe nikabaki sina nilichofanya duniani. Mtu wa namna hiyo ukimpiga anakaa, kwa sababu haoni chochote mkononi mwake cha kuondoka nacho.

Niliondoka siku alipomgeukia Sesilia. Hilo nalo sikulifikiria kwa ushujaa, miguu ilikwenda yenyewe. Tulipanda lori la mahindi tukaja mjini, nikapata chumba Malangali, nikaanza vibarua. Nililima kwa watu, nikachota maji kwa mafundi ujenzi, nikajifunza kufyatua matofali kwa kuangalia wanaume wanavyofanya. Kiangazi baada ya kiangazi nilifyatua yangu pembeni, nikayachoma, nikayapanga. Kiwanja kidogo nikakipata. Nikaweka msingi.

Katikati ya hayo mama aliugua. Nilikwenda Kasense kumuuguza. Alikuwa amepinda mgongo, hata akilala kitandani hanyooki. Siku moja mchana nampa uji, akanishika mkono.

"Siku ile ya kikao nilikuvuta kitenge."

"Nakumbuka, mama."

"Nilikuvuta useme."

Uji ulinimwagikia. Nikamwambia mimi nilidhani ananivuta ninyamaze.

"Najua. Nilikuona ulivyoinama, nikajua umenielewa vibaya."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii, mama?"

Akafikiri. Mama alikuwa mtu wa kufikiri. "Ungekwenda nalo wapi?" akasema. "Na mimi ndiye niliyekufundisha kuinama. Ningekulaumu kwa kitu changu mwenyewe?"

Alifariki kabla sijapaua nyumba. Sikuwahi kumlaza chini ya bati langu. Hilo, mwanangu, sina namna ya kulitengeneza, na huwa sijaribu. Nalibeba tu.

Nyumba ilipokwisha, jirani yangu mpya alikuja kuiangalia. Mama Tumaini, mtu wa Mbeya, anauza mitumba sokoni, mdomo wake haujui kupumzika. Akazunguka nje, akagonga ukuta kwa kiganja, akaingia, akatoka.

"Nyumba nzuri, Mama Sesilia. Nani kakujengea?"

"Aa, watu tu," nikasema. "Tumebahatisha."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Hebu nionyeshe basi hao watu. Nina ukuta wangu umelala chini tangu masika, fundi kanila. Hao watu wako wako wapi, niwaite kesho?"

Akanitazama, akaanza kucheka.

"Ninyi Wafipa mtaniua. Mimi nimekuona kwa macho yangu unafyatua hapa, jua linawaka, wewe na tope. Sasa mbona unanidanganya? Uliiba matofali?"

"Sikuiba."

"Basi nani kajenga?"

Nilifungua mdomo. Usinicheke, mwanangu. Maneno mawili tu, na yaligoma kutoka. Mama Tumaini alikuwa bado anacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akaniwekea mkono begani, akasubiri, na kwake kusubiri bila kuongea si kazi ndogo.

"Nimejenga mimi," nikasema.

"Ehee. Sasa tumeelewana. Kesho uje unionyeshe namna ya kusimamisha ukuta."

Alipoondoka nililia mpaka Sesilia akatoka jikoni kuuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Lakini nilikuwa nawalilia Askari na Pole, na matuta ya mama, na yule msichana aliyekuwa na jibu akawanyima watu waliomwomba.

Tangu hapo nilianza kufanya jambo moja, na ndilo ninalokupa. Kila Jumamosi nikimaliza kufagia ninasimama uani, ninasema kwa mdomo, sauti ya kusikika, nilichokifanya wiki ile. Nimelima palizi ya mahindi, nimemaliza. Nimemwambia mwenye duka anipunguzie kelele zake, na sikutetemeka. Nimeamka na mgongo unauma, nikaenda hivyo hivyo. Vitu vidogo hivyo hivyo. Halafu nikiwa na nafasi nasema vya zamani pia. Nilifundisha maksai. Nilizaa nikapona. Niliondoka kwa Zeno. Sesilia mwanzoni alikuwa anadhani mama yake ameanza kuchanganyikiwa. Sasa amezoea, mara nyingine anapita na ndoo anasema, "Umesahau ile ya kumfukuza kibaka, mama."

Yeye ni fundi cherehani siku hizi. Juzi nilikuwa nimekaa dukani kwake, kijana mmoja akaingia, akashika suti ya kipaimara iliyotundikwa, akasema, "Duh, dada, hii kitu kali. Umeagiza Mbeya?" Sesilia wala hakuinua kichwa kwenye mashine. "Nimeshona mimi," akasema. "Na yako nitaishona ukileta kitambaa." Akaendelea na kazi. Mimi pale kwenye kiti nilishikwa na furaha na wivu kwa pamoja. Ni rahisi namna ile. Ingekuwa rahisi namna ile.

Mwaka huu nilikwenda kwa Kaspari. Watu walinikataza, wakasema nitaanzisha ugomvi na mzee. Lakini yeye ni mzee kweli sasa, na mimi nilitaka kulisema lile neno mbele yake kabla mmoja wetu hajaondoka. Barabara ya Kasense inapita kando ya shamba la baba. Watoto wa Kaspari wanalima pale kwa trekta la kukodi, wadogo zangu hawakurudishiwa. Nilimkuta amekaa juani na koti lake, nikamwamkia, akaniitikia, akaagiza niletewe kigoda.

Nikamwambia, "Baba mdogo, wale maksai niliwafundisha mimi. Wewe ulituazima nira, basi. Sikuja kudai kitu. Nimekuja kulisema."

Nilikuwa nimejiandaa atakataa. Nilikuwa na majibu yangu yote nimeyapanga njiani. Alikaa akipapasa fimbo yake.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Mbona nilijua siku zote. Kikao ndicho kilikuwa hakijui, mwanangu. Na kilikuuliza."

Alidhulumu, na atalijibu hilo kwa Mungu wake, mimi sijamsamehe na sikudanganyi kwamba nimesamehe. Lakini alichokisema kilikuwa kweli. Kikao kiliuliza. Kiliuliza mara mbili. Niliaga nikaondoka, nikatembea kwa miguu hadi Malangali, kiti cha pikipiki sikukitaka, maana nilikuwa nalia na sikutaka kijana wa watu aniulize.

Basi huyo aliyeulizwa ndiye wa tatu niliyekuahidi, mimi mwenyewe. Nimemtaja mwisho kwa sababu ndiye ninayelala naye.

Sikiliza sasa, mwanangu. Ukifanya kazi, jua kwamba umeifanya. Usisubiri mtu mwingine aione ndipo uiamini, maana anayeiona anaweza kuwa Kaspari, ataiona vizuri kabisa na atanyamaza. Mshukuru aliyekusaidia, tena mtaje, na mpe kipimo chake halisi, nira ni nira. Mshukuru Mungu kwa mikono aliyokupa, lakini usimbebeshe yeye kazi ya mikono hiyo kana kwamba wewe ulikuwa umelala. Mpita njia mjibu adabu, hilo halina neno. Ila ukiulizwa mahali panapoamuliwa jambo, kwenye kikao, ofisini, kwa mwalimu, kwa mchumba anayetaka kukujua, jibu swali. Sema "ni mimi" kwa sauti ya kawaida, usiipandishe wala usiimeze, kisha unyamaze. Na ili siku hiyo koo lisikukabe, lizoeshe mapema ukiwa peke yako, kwa vitu vidogo, kwa sufuria uliyoisugua na mstari ulioulima ukanyooka. Anayejua alichowahi kuweza, hata akipigwa na dunia, anajua pa kuanzia. Mimi nilichelewa kujua, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni mama.

Nenda, mwanangu. Mungu akuwekee macho ya kuiona kazi yako ikiwa bado mbichi. Akukutanishe na wanaouliza kwa nia njema, na wakikuuliza, usikie swali lenyewe. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose jina lako. Na wale unaowapenda wale jasho lako wakiwa bado hai, walale chini ya bati lako, waamke.